Printa Haijibu

Saa mbili na robo, Shimanzi.
Feni inalihamisha joto kutoka pembe hii hadi ile
na Nyamvula ameandika neno lake la siri mara kumi na tisa.
Amezihesabu.

Kila mara kompyuta humwambia karibu,
kioo hupiga giza kama jicho lililopepesa,
kisha humrudisha palepale: Jina lako? Neno lako?
Mwenyeji gani huyu, anakufungulia, anakuamkua,
anakuvua viatu,
halafu anakufungia nje na miguu mitupu.

Bwana Taufiq keshakata hukumu:
"Umelibadilisha, ukasahau."
Malori matatu yanangoja hati,
makasha bandarini yanakula ada kwa siku,
naye anauliza, kwa ile sauti ya chini, ile mbaya,
jana ni nani aliyefunga ofisi.

Mimi nimefika na mkoba na mahamri mawili ndani ya gazeti.
Sikuuliza nani.
Nilimwambia dada, andika tena, polepole, nione vidole.
Vidole havikukosea.
Neno baya hukaripiwa papo hapo,
hili lilipokewa vizuri. Balaa limo ndani.

Nikabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo.
Rangi zote zikaondoka, zikabaki herufi nyeupe katika weusi,
mlango wa uani, wageni hawauonyeshwi.
Akaandika neno lilelile.
Likaingia mara ya kwanza.
Nikamsikia akishusha pumzi nyuma ya bega langu.
Bwana Taufiq akakohoa, akatazama simu.

Nikaiuliza diski: umebakisha nini?
Asilimia mia. Nafasi, sifuri.

Maana kuingia nako kunataka pahala:
mashine huandika kijikaratasi, fulani yumo,
kidogo kuliko risiti ya viazi karai,
na hicho kijikaratasi hakikuwa na pa kuwekwa.
Haba na haba hujaza kibaba, tulifunzwa.
Hatukufunzwa kuwa kibaba kikifurika mlango nao hugoma.

Nikashuka folda kwa folda,
kama mtu anayemfuata panya aliyefia darini,
nikalikuta: daftari moja la mashine,
gigabaiti mia mbili na kumi na mbili,
na ndani yake sentensi moja.

printa haijibu
printa haijibu
printa haijibu

Mara mia mbili kila sekunde, usiku na mchana,
Jumapili na Idi,
tangu tarehe nane mwezi wa nne
printa ilipopakiwa mkokotenini kwenda kutengenezwa Changamwe
isirudi.
Mezani pamebaki mraba mweupe, panawekwa chupa ya chai.
Watu wote wa ofisi walijua.
Kompyuta haikuambiwa.

Sikulitupa daftari. Nililikamua,
likabaki jina na kurasa tupu,
kisha nikalitoa jina la printa katika orodha
ili mashine isiendelee kuita.
Nakiri mkono ulisita kidogo kwenye kitufe.
Sijui kwa nini. Ni printa.

"Haya, mara ya ishirini," nikasema.
Akaandika. Giza. Jicho likapepesa,
na hii hapa meza yake, faili zake, hati za malori matatu
zikiwa zimepangwa jinsi alivyoziacha jana saa kumi na moja
alipofunga ofisi, sawasawa, kama inavyofungwa.

"Kumbe printa tu!" Bwana Taufiq akacheka,
akatutazama tucheke naye.
Nyamvula hakugeuka.
"Nilikwambia haijarudi," akasema, vidole vikiendelea.
"Mwezi wa tano. Na wa sita.
Na juzi, ulipokuwa ukila."

Feni ikageuza shingo.
Akaituma hati ikachapishwe duka la jirani,
shilingi kumi ukurasa, lipwe na ofisi.
Nami nikafungua gazeti langu,
mahamri yamepoa, na mafuta yameingia
hadi kwenye matangazo ya vifo.